Msitulazimishe Gari la Stima, Walazimisheni Wenye Betri

Leo naweka kando mambo ya programu (si mbali sana, mtaona) ili nijibu hoja moja inayonikera. Eti serikali ya Kenya itunge sheria: magari na pikipiki mpya za petroli marufuku, kila anayenunua anunue ya stima au angalau ya haibridi, mjadala umekwisha. Wengi wanaoisema wameketi mjini, soketi iko hatua mbili kutoka walipo. Mimi naipima kutoka huku Masinga, Machakos, na jibu langu ni hapana. Ila usikimbilie kuniita mtetezi wa petroli. Soma mpaka mwisho.

Kwanza mifano yao. Januari 2024 Ethiopia ilizuia kuingizwa kwa magari ya petroli na dizeli. Rwanda nayo ikasema kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za stima tu. Sawa. Lakini Ethiopia ilikuwa imebanwa na uhaba wa dola za kununulia mafuta, na Kigali ni jiji moja dogo lenye lami.

Mbona hawaitaji Norway? Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya stima, na hakuna sheria iliyomkataza mtu kununua la petroli. Walilitoza la petroli kodi nzito, wakalipunguzia la stima, wakashikilia msimamo huo miaka mingi. Umoja wa Ulaya ndio uliopitisha marufuku mwaka 2023, ianze 2035. Desemba 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ikapendekeza ilegezwe. Na hao ni watu wenye viwanda vya magari.

Sisi je? Mkakati wa serikali wa mwaka 2020 uliweka lengo kwamba kufikia 2025 asilimia 5 ya magari mapya yanayosajiliwa yawe ya stima. Mwaka 2025 umepita. Nenda ukasimame Kangonde, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, uhesabu mwenyewe.

Hesabu ya Masinga

Watu husema hatuna stima ya kutosha. Tupige hesabu. Betri ya bodaboda ya stima hubeba kama uniti 3. Bodaboda 1,000 zikijazwa kutoka sufuri zinakula uniti 3,000. Mtambo wa Bwawa la Masinga, uliokamilika mwaka 1981, una megawati 40, yaani uniti 40,000 kwa saa ukiendeshwa kwa nguvu zote. Gawanya. Ni dakika nne na nusu.

Naam, dakika nne na nusu za bwawa letu zinajaza bodaboda elfu moja. Na Masinga ndiyo ndogo kuliko zote kwa uwezo wa stima. Ukijumlisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere zilizo chini yake kwenye Mto Tana, unapata karibu megawati 600. Huko Olkaria kuna mvuke ambao usiku umekuwa ukiachwa upotee hewani kwa sababu watu wamelala na stima haina mnunuzi.

Basi shida iko wapi? Iko saa moja jioni, na iko kwenye transfoma.

Chaja ya pikipiki huvuta takriban kilowati 1. Transfoma ya kijijini ya kVA 50 haibebi chaja zaidi ya 50, hata kama hakuna anayewasha taa, runinga wala mashine ya posho. Bodaboda wa soko moja wakirudi jioni na kuchomeka kwa pamoja, wakati ambao nchi nzima pia inatumia stima kwa wingi, hapo hata shahada huhitaji kujua kitakachotokea. Bado sijataja ukame wa 2009, maji yaliposhuka mpaka mtambo wa Masinga ukazimwa na nchi ikaingia mgao. Wala sijataja Agosti 25 na Desemba 10, 2023, karibu nchi nzima ilipobaki gizani. Tena huku kuna nyumba ambazo nyaya kubwa zinapita juu ya paa zao zikipeleka stima mbali, na wao usiku wanawasha taa ya sola.

Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya kuchajia magari: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, kabla ya ada na kodi nyingine. Bei nzuri sana. Lakini ni ya mita ya kuchajia magari. Bodaboda wa Ekalakala mwenye mita ya tokeni nyumbani haimfikii.

Kufuli iko kwenye betri

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanasiasa hawaligusi na sisi watu wa programu tunalijua vizuri.

Kampuni nyingi za bodaboda za stima hukuuzia pikipiki na kukukodishia betri. Chaji ikiisha unaenda kituo chao, unaacha betri tupu, unachukua iliyojaa. Wazo lenyewe ni zuri: hupotezi saa nne ukingoja, na bei ya kununua pikipiki inashuka. Kasoro ni kwamba betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Umbo ni tofauti, plagi ni tofauti, na hata ukilazimisha plagi, ndani ya betri kuna kompyuta ndogo inayokagua kama pikipiki hiyo ni yake. Betri za namna hii huwa na laini ya simu na GPS, na zinaweza kuamriwa kutoka ofisini zisitoe stima. Kwa mwandishi wa programu hiyo ni kazi ya mistari michache. Kwa mwenye pikipiki ni mlo wa jioni.

Weka sheria ya lazima juu ya hali hiyo. Ukimwambia mtu wa Kivaa kwamba pikipiki yake ijayo lazima iwe ya stima, umemwambia pia lazima awe mteja wa kampuni moja, kwa bei ya kampuni hiyo, maadamu ina kituo karibu naye. Ikihama au ikifunga, amebaki na fremu yenye magurudumu mawili.

Si hadithi ya kutunga. Shai Agassi, mtu wa programu aliyetoka kampuni ya SAP, alianzisha Better Place mwaka 2007. Huko Israel walijenga vituo vya kubadilishia betri za gari la Renault Fluence Z.E. Mei 2013 kampuni ikafilisika. Magari yalikuwa mazima, madereva walikuwa wamelipa, lakini mfumo wote ulitegemea kampuni moja.

Tuliwahi kupita hapa na M-Pesa. Wakala alikuwa amefungwa kwa kampuni moja, mpaka Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati mwaka 2014. Mwaka 2022 ndipo ukaweza kulipia till ya Safaricom kwa pesa za mtandao mwingine. Hakuna aliyelazimishwa kununua simu. Waliolazimishwa ni wenye mfumo: fungueni mlango.

Lazimisheni haya

1. Umbo moja la betri ya bodaboda, au mawili, plagi moja na itifaki moja ya wazi. Ulaya iliwalazimisha watengenezaji wa simu kutumia USB-C kuanzia Desemba 28, 2024, na simu hazikuacha kuwa bora.

2. Marufuku kuzima betri ya mtu akiwa barabarani. Kama ana deni, mdai kwa njia zinazojulikana.

3. Bei ya Sh8 ya usiku imfikie mwenye mita ya tokeni. Mita ni kompyuta. Tunaweza kuiandikia.

4. Gari kuukuu la stima au haibridi lisipakiwe melini bila cheti cha afya ya betri. Tayari KEBS hutaka magari kuukuu yakaguliwe kabla ya kuja, na yaliyozidi miaka 8 hayaingii. Sheria hiyo ya miaka 8 haikumchagulia mtu gari la kununua. Iliweka kiwango tu. Bila cheti, kulazimisha haibridi ni kuwasaidia watu wa ng'ambo kutupa betri zilizochoka uani kwetu.

Najua nitajibiwa kwamba viwango vya mapema huua ubunifu, kampuni hizi bado changa, ziacheni zikue. Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali kama soko lingeachwa huru. Lakini huwezi kuomba sheria imlazimishe mnunuzi halafu umwache muuzaji huru. EPRA ilitoa miongozo ya vituo vya kuchaji na kubadilisha betri mwaka 2023. Mwongozo ni ushauri. Mwenye bodaboda anahitaji haki anayoweza kuidai.

Betri ikiwa ya wazi, mwenye duka la Ndithini mwenye paneli za sola ataweza kujaza betri za kampuni yoyote, na gridi ikizimika yeye hajali. Bodaboda watahamia stima wenyewe bila kusukumwa na polisi, kwa sababu wao hupiga hesabu ya mafuta kila jioni kuliko waziri yeyote.

Kama hukubaliani nami, uwanja wa maoni uko hapo chini. Ila njoo na hesabu, si matusi.