Madesa Hayajui Kubishana

Siku hizi ukimtajia Canada kijana mwenye shahada, hakuulizi habari za baridi. Anakuuliza habari za Kifaransa. Ana haki: mfumo wa Express Entry wa kuomba kuhamia huko unaongeza hadi pointi 50 kwa mwombaji anayefikia kiwango cha NCLC 7 cha Kifaransa katika stadi zote nne, ilimradi Kiingereza chake nacho kisiwe cha kubahatisha. Ndiyo maana makundi ya WhatsApp yamejaa madesa: maswali "yaliyotoka mwezi jana", kila moja na jibu lake la aya tatu. Imani inayouzwa humo ni kwamba mada hujirudia, kwa hiyo aliyemeza majibu ya kutosha keshafaulu sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa Kifaransa.

Mada hujirudia kweli. Simu kwa watoto, mazingira, maisha ya mjini na kijijini, hayo yatatoka tena. Hitimisho linalotolewa hapo ndilo upuuzi.

Chukua TCF Canada, mmoja wa mitihani hiyo ya Kifaransa. Kuzungumza ni dakika 12, kazi tatu. Ya kwanza unajieleza wewe ni nani, na hapo mkariri atapeta. Katika ya pili unapewa dakika 2 za kujiandaa, kisha wewe ndiye unayeuliza. Mtahini anaweza kuwa mwenye nyumba ya kupanga. Swali lako la nne linatakiwa lizaliwe na jibu lake la tatu. Yeyote aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anaijua kazi hii kuliko anavyodhani. Dalali akisema Luku ni ya pamoja, huruki kwenda swali la maji kwa sababu ndilo linalofuata kwenye orodha. Unauliza wapangaji wako wangapi, nani ana friji, nani anapikia umeme, mwezi ukiisha mnagawanaje. Mwenye desa anauliza kodi ni kiasi gani wakati ameshatajiwa. Kazi ya tatu ni kutoa maoni, bila hata dakika moja ya kujiandaa.

Mtihani mwingine, TEF Canada, ndio unaowaumbua zaidi. Sehemu ya pili ni dakika 10 za kumshawishi rafiki kuhusu tangazo ulilopewa, na rafiki huyo, yaani mtahini, kazi yake ni kukataa. Hana hela. Hana muda. Aliwahi kujaribu akajuta. Isitoshe, sehemu ya kwanza ilikutaka useme "vous" ya heshima na mtu usiyemjua, sasa unatakiwa useme "tu" ya kirafiki. Aliyekariri aya za "vous" anazimwaga hivyo hivyo, kama anayempa shikamoo mtu wa rika lake. Hata mtihani wa DELF B2, unaokupa dakika 30 za kupanga hoja, haukuachi utoe hotuba ukaondoka: ukimaliza, mtahini anaanza kukupinga.

Na mtahini si mjinga. Anasikia sentensi ndefu zenye viunganishi vilivyopigwa pasi, anauliza "kwa nini unasema hivyo?", na mtu yule yule ghafla hawezi kunyambua kitenzi. Pengo hilo lenyewe ni ushahidi.

Imani hii ya kukariri inadumu kwa sababu desa linauzika. Kubishana hakutumwi kwenye simu kama faili. Shule zetu pia zimetuzoesha kwamba jibu ni kitu cha kuhifadhi hadi siku ya mtihani.

Ninachoshangaa zaidi ni kwamba kijana anamlipa mwalimu wa mtandaoni kwa "lafudhi ya Paris" huku Kariakoo anapishana kila siku na wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, wengi wao wakizungumza Kifaransa na Kiswahili pia. Ati lafudhi yao itamharibia! TCF na TEF hazimtaki mtu ajifanye mzaliwa wa Ufaransa, zinataka aeleweke. Mkongo anayekukatalia bei kwa Kifaransa ni mazoezi bora kuliko kurasa mia za majibu.

Anayeuza madesa na ajaribu jambo moja hadharani. Amlete mwanafunzi wake bora, achague mwenyewe mada aliyommezesha, amwache amalize aya zake zote tatu. Kisha mtu yeyote anayejua Kifaransa amwambie tu: "Sikubaliani nawe." Tuhesabu ukimya utachukua sekunde ngapi.