Maji, Uji na Uwanja: Madai Yetu kwa Ajili ya Watoto wa Chekechea



Kila tunapokaa mezani na waajiri tunadai mshahara, nyumba, matibabu na vifaa vya kujikinga kazini. Hayo ni madai ya haki na hatutayaacha. Lakini liko jambo moja ambalo halijapata nafasi inayostahili katika madai hayo, nalo ni afya ya watoto wetu wa miaka mitatu hadi sita, wanaoshinda katika shule za chekechea za mashambani na za karibu na viwanda wakati sisi tuko kazini. Twasema wazi kwamba namna watoto hao wanavyokula, wanavyokunywa na wanavyocheza huko ni suala la chama cha wafanyakazi. Unene wa kupita kiasi huzuiwa katika umri huo, kabla haujageuka kuwa ugonjwa wa mtu mzima.

Tunajua wako wenzetu watakaouliza: "Watoto wetu wana njaa, nanyi mwatuletea habari za unene?" Swali hilo lastahili jibu. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Wenye uzito uliozidi walikuwa 4 tu. Kwa hesabu hiyo njaa ndiyo adui mkubwa, na hatuna nia ya kuificha. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 24 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo unene unawangoja watoto wetu mbele ya safari, pamoja na kisukari na shinikizo la damu.

Tena mambo haya mawili hayako mbalimbali kama tunavyodhani. Mtoto aweza kuwa mfupi kwa kukosa maharage, maziwa na matunda, na papo hapo akanenepa kwa mandazi na soda. Yote mawili huletwa na chakula cha bei nafuu kinachojaza tumbo bila kujenga mwili. Basi chekechea inayolisha vizuri na kuchezesha watoto inapigana na maadui wote wawili kwa gharama moja.

Wengine husema mtoto mnene ni dalili ya nyumba yenye neema. Afya ya mtoto haipimwi kwa macho. Hupimwa kwa mizani na kwa kimo, na mhudumu wa afya ndiye mwenye kusema kama uzito umezidi. Wala hatusemi kwamba mtoto yeyote achekwe au anyimwe chakula. Mtoto bado anakua, na asipunguziwe chakula bila shauri la mganga. Tunachotaka ni kwamba mazoea mema yawe ya watoto wote, wanene kwa wembamba.

Tuchukue mfano wa chupa moja ya soda ya mililita 300. Ndani yake mna sukari ya gramu 30 na kitu, yaani kama vijiko 8 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mwili hupata kutokana na chakula cha siku. Kwa mtoto wa miaka minne, hiyo ni karibu sukari yote ya chupa hiyo moja. Bado hajanywa chai ya asubuhi, wala hajala biskuti.

Baadhi yetu tunakata miwa Kakira, Lugazi na Kinyara, na sukari ndiyo inayotupa mshahara. Hatuoni haya kwa kazi hiyo. Lakini mkata miwa halazimiki kumlea mwanawe kwa soda, kama vile mvuna tumbaku asivyolazimika kuvuta sigara.

Jambo la pili ni michezo. Mwaka 2019 Shirika hilo hilo lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne ajongee na kucheza kwa muda usiopungua saa tatu kwa siku, na katika hizo saa moja iwe ya kukimbia na kuruka hasa. Asikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja, na alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Lakini ziko chekechea ambako watoto huketishwa mabenchini tangu asubuhi wakiandika herufi, kwa sababu watu hupima ubora wa shule kwa daftari lililojaa. Mtoto wa miaka minne si karani.

Je, mipango ya namna hii inafaa kitu? Tuangalie yaliyojaribiwa kwingine. Huko Chicago, Marekani, watafiti walichukua shule 12 za watoto wadogo wa familia maskini, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi. Katika nusu ya shule hizo watoto walifundishwa mambo ya chakula na kufanyishwa mazoezi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 14. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miaka miwili baadaye uzito wao, ukilinganishwa na kimo, ulikuwa umeongezeka kidogo kuliko wa wenzao. Lakini mpango huo huo ulipopelekwa katika shule zenye watoto wengi wa asili ya Amerika ya Kilatini, matokeo ya mwaka 2006 hayakuonyesha tofauti ya maana. Fundisho tunalolipata ni kwamba masomo ya wiki chache hayana uhakika peke yake.

Sasa tutazame Dortmund na Essen nchini Ujerumani, miji iliyojengwa kwa jasho la wachimba makaa na wafanyakazi wa chuma. Katika mwaka wa masomo wa 2006 na 2007, shule 32 za msingi za mitaa maskini ziliingizwa katika jaribio. Watoto walikuwa wa miaka minane hivi, wakubwa kuliko wetu wa chekechea. Sehemu ya shule hizo zilitiwa mabomba ya maji ya kunywa, kila mtoto akapewa chupa yake, na walimu wakatoa masomo machache juu ya maji. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya watoto kuwa na uzito uliozidi ilikuwa pungufu kwa asilimia 31 katika shule zenye mabomba kuliko katika zile nyingine. Bomba hubaki shuleni hata mwalimu anapohama na mradi unapokwisha. Ndiyo maana sisi tunadai vitu vinavyobaki, si semina ya siku moja ya kuwalaumu akina mama.

Maana lawama ni rahisi. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kilikaa miongo mingi bila kubadilishwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 nayo iliiacha elimu ya chekechea mikononi mwa watu na mashirika ya binafsi. Mama anayeingia shambani alfajiri hana nafasi ya kupika mara mbili. Kumwambia anunue matunda bila kugusa mshahara wake ni maneno matupu.

Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka huduma za malezi ya watoto zikuzwe kwa ajili ya wafanyakazi wenye familia. Kwa hiyo hatuombi sadaka. Tunapendekeza kila tawi liweke madai haya mezani:

Kwanza, maji safi ya kunywa katika kila chekechea, na kikombe kwa kila mtoto.

Pili, uji wa asubuhi wenye unga wa karanga au maziwa na sukari kidogo, na chakula cha mchana chenye maharage, mboga za majani na tunda la msimu.

Tatu, uwanja wenye kivuli. Mwajiri mwenye hekta elfu za miwa au chai hawezi kusema amekosa nafasi ya watoto kukimbilia.

Nne, soda, peremende na biskuti zisiuzwe ndani ya chekechea wala langoni pake.

Tano, mhudumu wa afya apime uzito na kimo cha kila mtoto kila muhula, na mzazi aelezwe kwa faragha.

Sita, walezi na walimu wa chekechea walipwe mshahara wa heshima na waandikishwe katika chama. Wao ni wafanyakazi kama sisi, na mlezi mwenye njaa hawezi kuchezesha watoto.

Mwajiri atasema fedha hazipo. Basi makatibu wa matawi waulize gharama ya bomba moja, gunia moja la maharage na mlezi mmoja, walete hesabu hiyo mkutanoni, na wanachama waamue waanzie wapi. Nasi tulio baba tusiwaachie akina mama peke yao kamati za chekechea. Mtoto ni wetu sote, na umoja wetu usiishie langoni pa kiwanda.