Jamani, ile skrubu iacheni

Najua nimepotea wiki mbili. Si mitihani tu, kuna kisa cha gari nyumbani kimenikaa kooni, na leo nakitoa.

Kwetu ni Kikwajuni, karibu na zile fleti zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960. Baba ana vespa tokea mie sijazaliwa. Na ana Nissan Tiida, aliinunua mtumba wa Japani kwa sababu moja tu: Mama magoti yanamsumbua, hawezi tena kupanda vespa kwenda kliniki. Kwa hivo gari ile si ya kutembelea Forodhani. Ile ndiyo miguu ya Mama.

Makosa yalikuwa yangu, nasema mapema. Ijumaa baada ya sala nilichomoa waya wa betri, nikafungua throto, yaani kile kilango kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini, nikakisafisha masizi. Kitambaa kilitoka cheusi tititi, nikajiona injinia. Nikarudisha kila kitu, nikawasha, resi ikapanda mpaka 1500 na haishuki. Kawaida yake ikiwa imesimama tu hujakanyaga kitu, inacheza kwenye 700 hivi. Hiyo ndiyo mafundi wanaita sailensi.

Nikanyamaza, nikijua itatulia yenyewe. Haikutulia. Kesho yake Baba akampeleka Mama, na gari ya otomatiki ikiwa na resi juu inavuta mbele bila ya kuambiwa. Karibu na skuli moja watoto wakavuka ghafla, Baba akakanyaga breki na gari bado inasukuma. Haikumgusa mtu, alhamdulillahi. Lakini alirudi kimya, na Baba akiwa kimya bora angenigombeza.

Tukaenda kwa fundi. Akasikiliza kidogo, akasema throto imekufa, tafuteni nyengine ya mtumba, laki mbili na nusu. Baba akamwambia pesa hiyo hana. Fundi akashika bisibisi: "Basi ngoja nikuteremshieni kwa hii skrubu." Hapo ndipo nilipomwambia, "Kaka, samahani, naomba usiiguse." Baba akanitazama kama nimemvunjia heshima mkubwa mbele za watu.

Sasa maoni yangu ndiyo haya. Mafundi wetu wengi, na baba zetu pia, walijifunzia kwenye kabureta. Vespa ya Baba ina skrubu moja ya resi na nyengine ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Unazungusha, unasikiliza, unazungusha tena, mpaka sikio liridhike. Huo ni ujuzi wa kweli, mie siudharau. Lakini gari kama Tiida, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2004, haina waya kutoka kwenye pedeli mpaka kwenye throto. Pedeli inapeleka habari kwa kompyuta, kompyuta inaamrisha kijimota kifungue kilango. Masizi yakijaa pembeni hewa inapungua, kompyuta inajifunza kukifungua zaidi kidogo. Siku ukiyasafisha, yenyewe bado inafungua kwa hesabu ya zamani, hewa inazidi, resi inapanda. Na ukichomoa betri inaweza kusahau hata hayo iliyojifunza. Kitu hakijafa, kinataka kufundishwa upya. Ukiizungusha skrubu unaificha hesabu mbaya chini ya hesabu nyengine mbaya, na atakayekuja baada yako hajui aanzie wapi.

Nissan wenyewe wana utaratibu wa kuifundisha, hautaki bisibisi wala shilingi. Ufanyieni nje, si ndani ya banda, moshi wa gari unaua. Handibreki juu, gia kwenye P, usukani umenyooka, eyakondishen, taa na redio vyote vimezimwa, na injini iwe imeshapata moto vizuri.

Kwanza mguu usiguse pedeli kabisa. Washa swichi bila ya kupiga stati, subiri sekunde 2, zima, subiri 10. Rudia mara ya pili. Hapo kompyuta inajua pedeli ikiachwa iko wapi. Ile sekunde 10 ya kuzima utasikia throto inalia kidogo, inatafuta mahala pake pa kufunga.

Halafu ndiyo kazi yenyewe. Washa swichi, subiri sekunde 3. Kanyaga pedeli mpaka chini na uiachie, mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini uishikilie kama sekunde 20: taa ya injini itamemeteka, kisha itaacha na kuwaka moja kwa moja. Ikishawaka tu achia mguu, usizidishe sekunde 3, upige stati. Iache ingurume sekunde 20, kisha piga resi mara mbili tatu uone inashukia wapi.

Sisi mara ya kwanza tulikosa, na mara ya pili tukakosa, kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa kichwa na roho inakwenda mbio. Mara ya tatu mdogo wangu wa darasa la sita akashika saa ya simu, akawa anatuhesabia kwa sauti kama refa. Na aliyekaa kwenye kiti alikuwa Baba, si mie. Alisema, "Mguu wangu unaijua gari hii." Taa ikamemeteka, ikawaka, akaachia, akapiga stati. Resi ikapanda, ikashuka, ikasimama kwenye 700.

Najua kuna watakaosema wanafunzi wa chuo mnataka kuwanyima mafundi riziki. Hapana. Utaratibu huu ni wa Nissan za aina hii, usiuchukue ukaufanye kwenye Toyota kisha unilaumu. Na kama umeufuata sawasawa na resi bado iko juu, basi kuna mpira unavuja hewa, au kweli throto ina ubovu, na hapo mtafute fundi mwenye mashine ya kupimia na umlipe haki yake bila ya kumpunja. Ninachokataa ni kuuziwa kifaa kabla ya mtu kujaribu dakika kumi za bure. Vilevile nakataa ujuaji wangu mie, niliyefungua kitu bila ya kusoma kinarudishwaje, nikanyamaza, nikamuacha Baba aendeshe hivo na Mama yumo ndani. Ya fundi yangetugharimu laki mbili na nusu. Yangu yangeweza kutugharimu mtoto wa mtu.

Baba hakunisifu, msitegemee. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza kama anavyoisikiliza vespa yake, akasema, "Sasa imetulia." Kisha akaniuliza kama kabureta naijua. Nikamwambia siijui. Akasema Jumapili niamke mapema.

Nyie wenzangu, nani kwao kuna gari iliyozungushwa skrubu na mpaka leo inasumbua? Nambieni, na msione haya kusema kama ni nyie mlioizungusha.