Nani Kasema Ajali Haina Kinga?

Sentensi ninayoijutia kuliko zote nilizowahi kuandika ina maneno matatu. Niliiandika nikiwa na miaka 22, mwanafunzi wa fildi, kwenye kompyuta ya ofisi ya kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Fomu ilikuwa na kisanduku kinachouliza chanzo cha ajali. Msimamizi alisimama nyuma ya kiti changu akanitajia cha kuandika, nami nikaandika. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo niliijaza kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili chetu maana yake ni hii: uzembe wa fundi.

Fundi mwenyewe muda huo alikuwa hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika sehemu mbili, na meno matatu ya mbele hayakuwepo tena. Tulimwita Mzee. Alikuwa akifungua vali za kiwanda kile tangu kabla sijazaliwa. Kila asubuhi nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba, injinia," kwa utani usio na dharau ndani yake. Ndiye aliyenifundisha kuusikiliza uvujaji wa hewa kwa sikio, kisha kuupaka povu la sabuni ili macho nayo yaamini.

Leo nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, na kila nikimsikia mtu akisema ajali haina kinga, naikumbuka ile fomu. Methali hiyo ina mahali pake. Barabarani na baharini yapo yasiyozuilika. Lakini karakana si bahari.

Kwanza niieleze vali yenyewe kwa asiyeijua. Bomba la mvuke linaloingia kwenye mtambo lina vali njiani. Haifunguliwi kwa mkono, inafunguliwa na hewa ya kompresa. Juu yake kuna kichwa cha chuma kama sahani mbili zilizofunikana midomo, zimefungwa kwa boliti kuzunguka ukingo. Kati ya sahani hizo imebanwa diaframu, yaani ngozi nene ya mpira. Hewa huingia chini ya diaframu, na juu yake imekaa springi. Hewa ikiingia, mpira unapanda, unavuta shina la vali, mvuke unapita. Hewa ikikatika, springi inalisukuma shina chini na mvuke unafungwa. Imepangwa hivyo makusudi, ili umeme ukikatika na kompresa ikazima, vali ijifunge bila kumsubiri mtu.

Sasa tupige hesabu. Hewa inayoendesha vali ya kawaida ya aina hii huwa kati ya bar 0.2 na bar 1, ambazo kwenye geji za zamani ni pauni 3 hadi 15 kwa inchi mraba. Ni presha ndogo, tairi la gari dogo lina zaidi ya hiyo, na ndiyo maana watu huidharau. Lakini chukua diaframu yenye eneo la sentimita mraba 650, upana wa sahani kubwa ya wali. Bar 1 ikiisukuma, inapokea nguvu sawa na uzito wa kilo 660 hivi. Hiyo ni mifuko 13 ya saruji. Springi inayoshindana nayo lazima iwe na nguvu ya kiasi hicho. Hata hewa ikitolewa yote na geji ikalala kwenye sifuri, springi inabaki imebanwa ndani ya kichwa kwa nguvu ya karibu mifuko mitatu. Na hiyo ni ikiwa shina limeshuka lote. Likikwama katikati ya safari, geji itasoma sifuri vilevile, huku springi ikiwa imebanwa kwa nguvu ya karibu mifuko minane.

Geji inapima hewa. Springi haimo katika hesabu yake.

Siku ile shina lilikuwa limekwama. Paking, ule mzingo unaozuia mvuke kupenya kandokando ya shina, ilikuwa imevuja kwa wiki kadhaa. Kuibadilisha kulihitaji kusimamisha uzalishaji, kwa hiyo kila zamu ilikaza nati kidogo ikaiachia zamu inayofuata. Nati ikakazwa mpaka shina likashikwa kama mguu kwenye tope la mpunga. Saa nne asubuhi vali ikagoma, mtambo ukasimama, simu zikaanza kupigwa. Mzee akafunga mvuke, akafunga hewa, akaitoa, akaiangalia geji. Sifuri. Akauliza, "Kitabu cha hii kiko wapi?" Akajibiwa kiko kabatini ofisini, mwenye ufunguo kasafiri, na kwani vali hii ndiyo mara ya kwanza kuifungua? Akanigeukia: "Nishikie taa, injinia."

Nikashika taa.

Vichwa vingi vya aina hii hutengenezwa vikiwa na boliti mbili au tatu ndefu kuliko nyingine. Fundi hufungua fupi zote kwanza, kisha hulegeza ndefu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Springi inajinyoosha taratibu mpaka inaisha nguvu, boliti zikiwa bado zimeshika. Ni kinga rahisi na ya zamani, haihitaji umeme wala programu. Kwenye vali ile boliti ndefu hazikuwepo. Iliwahi kufumuliwa miaka ya nyuma, ndefu zikapotea, stoo ikatoa fupi za unene uleule, na vali ikafungwa ikarudi kazini. Ukitazama juu, vichwa vya boliti vyote vinafanana. Zilipobaki mbili, Mzee akazilegeza kwa uangalifu uleule wa siku zote, moja baada ya nyingine. Thredi za boliti ziliisha kabla springi haijaisha nguvu. Kifuniko kilimpiga mkono kikapanda usoni.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepewa kazi ya kupanga mafaili kwenye kabati lile. Kitabu cha vali nilikishika. Kulikuwa na ukurasa wenye pembetatu na alama ya mshangao, na chini yake onyo kuhusu springi na boliti ndefu, kwa Kiingereza kisicho kigumu. Niliusoma wote nikaelewa, nikafungua ukurasa unaofuata. Haikunijia kwamba nilikuwa nimeshika kitu ambacho mtu mwingine alikihitaji kuliko mimi.

Baada ya mwezi nilikwenda kumsalimia nyumbani kwake. Aliniomba nimweleze fomu ilisema nini. Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nikasema, imeandikwa uzembe wa fundi. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza bila hasira, kama anayeuliza saizi ya spana: "Fundi yupi?"

Tangu siku hiyo sijapata swali bora darasani. Fundi yupi? Aliyepoteza boliti ndefu? Mtunza stoo aliyetoa fupi? Yule wa zamu ya usiku aliyekaza paking kwa sababu aliambiwa mtambo usisimame? Na aliyemwambia hivyo, ni fundi? Aliyefunga kabati akasafiri na ufunguo? Binti wa chuo kikuu aliyesoma onyo akaligeuza? Kisanduku cha fomu kilikuwa na nafasi ya mstari mmoja, nasi tukamjaza humo mtu mmoja, yule aliyekuwa karibu zaidi na springi.

Neno "uzembe" ni zuri sana kwa ofisi. Halina gharama. Ukiandika kwamba boliti hazikuwa sahihi, itabidi mtu anunue boliti na kukagua vali zote. Ukiandika kwamba hakuna muda wa kubadilisha paking, itabidi mtu asimamishe uzalishaji. Ukiandika uzembe, unamwambia fundi awe makini, unabandika bango jipya, na mchana wote mnakwenda kula. "Ajali haina kinga" ni ndugu yake wa kanisani na msikitini: ofisi inamlaumu fundi, mtaa unamsingizia Mungu, na boliti fupi zinabaki palepale.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi maskini. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Scotland, vali ya usalama ya pampu moja ilitolewa kwa matengenezo. Mahali pake pakafungwa kifuniko cha chuma. Kazi haikuisha kabla ya zamu kubadilishana saa 12 jioni. Usiku, karibu saa 4 kasorobo, pampu ya pili ikazima na kukataa kuwaka. Zamu ya usiku ikatafuta karatasi za pampu ya kwanza. Ikaiona ya matengenezo makubwa ambayo hayajaanza, haikuiona inayosema vali haipo. Wakaiwasha. Gesi ikavuja kwenye kile kifuniko, na mnamo saa 4 usiku jukwaa likalipuka. Watu 167 walikufa. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106. Haukuishia kwenye kidole kilichobonyeza swichi. Ulikwenda kwenye vibali vya kazi, makabidhiano ya zamu, mafunzo na uongozi wa kampuni.

Karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza, na waliokuwa wakiitafuta walisoma Kiingereza. Kwa hiyo sitasema lugha ndiyo kila kitu. Nasema kwamba ujuzi usiomfikia anayeshika spana ni sawa na ujuzi usiokuwepo, na hapa kwetu lugha ni mojawapo ya makabati tunayoufungia. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hakimu amehamia Kiswahili. Kitabu cha vali kimebaki ng'ambo.

Wenzangu wa chuo hunijibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Basi nijaribu hapahapa, nanyi mhukumu.

Kabla ya kugusa kichwa cha vali, funga mvuke mbele na nyuma yake, fungua bomba la kutolea maji na mvuke uliobaki, subiri lipoe. Funga hewa, ikatie njia, itoe mpaka geji isome sifuri. Tia kufuli kwenye kila ulichofunga, weka ufunguo mfukoni mwako, tundika kibao chenye jina lako. Tazama mshale ulio kwenye shina: kama hewa imeisha na mshale haujashuka, shina limekwama na springi bado imebanwa, usifungue chochote. Tafuta kitabu cha vali hiyohiyo, maana nyingine hulegezwa kwa skrubu ya juu na nyingine kwa boliti ndefu. Hesabu boliti na pima urefu wake kwa chini, usiamini vichwa vyake. Huzioni ndefu? Simama. Usikae juu ya kifuniko wala usiinamishe uso hapo. Ukimaliza kuifumua, badilisha diaframu na paking, na urudishe boliti ndefu mahali pake, kwa sababu atakayeifungua baada yako hatakuwa na wewe wa kumuuliza.

Ni maneno gani yamekosekana? Mafundi wana shina, kichwa, kiti na koo la vali miaka mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao akaandika.

Na kile kufuli si anasa. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1989 kuhusu kufunga vyanzo vya nishati kabla ya matengenezo inamtaka kila anayefanya kazi aweke kufuli lake mwenyewe, na inazihesabu springi miongoni mwa nishati za kudhibitiwa. Kufuli la kawaida linauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Bei yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha wageni wanaokuja kukagua kiwanda.

Simwandikii Mzee haya, yeye anayajua. Nawaandikia wenzangu ambao mwaka huu au ujao watapewa meza, kompyuta na cheo kinachoanza na "mhandisi". Tumesomeshwa kwa lugha ya vitabu vile, na kwa sababu hiyo tunadhani vitabu ni vyetu. Siku ya kwanza kazini, uliza kabati liko wapi na ufunguo anao nani. Toa kitabu kimoja, mtambo mmoja. Tafuta ukurasa wenye pembetatu. Kaa na fundi wa zamu, muandike pamoja kwa maneno anayoyatumia yeye, mbandike ukutani pale anaposimama, si ofisini. Itakuchukua mchana mmoja. Kesho yake chukua mtambo mwingine.

Na siku mtu akisimama nyuma ya kiti chako akikutajia cha kuandika kwenye kile kisanduku, mgeukie umuulize, kwa heshima zote, fundi yupi. Mimi sikuuliza. Mzee sasa anashika kijiko kwa mkono wa kushoto.