Majina ya Mahali na Watu Walioyatoa

Siku hizi mtu akipata jambo pasipo kulitolea jasho, akipewa chakula cha bure au akisafirishwa bila nauli, wenzake humwambia, "Umepata kitonga." Neno hili limeenea katika nchi, hata Dar es Salaam lasemwa, na wengi walisemao hawajafika mahali lilikotoka. Lakini ninyi mkaao Iringa na Mbeya mwapajua. Kitonga ni mlima ulio katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, ukiisha kupita Ruaha Mbuyuni na Mahenge. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo, nayo hupinda, ikapinda tena, hata msafiri mgeni hufumba macho. Gari lishukalo hapo huvutwa na uzito wake lenyewe, wala halina haja ya kukanyagiwa mafuta. Kwa hiyo watu wakalifanya jina la mlima kuwa jina la kila jepesi.

Sasa ngojeni kidogo, tusimame chini ya mlima ule. Tazameni lori lenye shehena ya kwenda Zambia. Dereva ameingiza gia ndogo kabisa, injini yanguruma kwa uchungu, moshi mweusi watoka, na gari lenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Utingo yu tayari na gogo la kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Muulizeni dereva huyo kama Kitonga ni kitu chepesi! Tena muulizeni hata yule ashukaye, maana breki zikipata moto hazishiki, na dereva aondoaye gia ili kuokoa mafuta amejitia katika hatari kubwa. Watu wengi wamepoteza maisha yao katika kona zile. Mlima ni mmoja tu, lakini aliyelifanya jina lake kuwa neno la wepesi alisimama juu akitazama chini, na gari lake lilifika salama.

Neno ninalotaka kuwaambia ni hili. Jina ambalo watu hupapachika mahali, liwe la utani, la sifa au la dhihaka, ni ushahidi. Si uongo, wala si kweli yote. Na ushahidi haupimwi mpaka ijulikane shahidi alikuwa amesimama wapi alipouona mambo anayoyasema.

Wako walimu, nami nawaheshimu, ambao huyakataza majina ya namna hii darasani. Husema ni maneno ya mitaani, na kwamba mwanafunzi imempasa kujua majina yaliyoandikwa katika ramani. Mimi sikubaliani nao. Ramani nayo iliandikwa na watu, na watu hao nao walisimama mahali.

Lifikirini jina la Iringa lenyewe. Katika Kihehe lilinga ni ngome, boma la kujikinga na adui. Ngome iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa Kalenga, karibu na Mto Ruaha Mdogo, alikokaa Mkwawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga kwa mizinga, wakaiteka, naye Mkwawa akatoroka, akaendelea kupigana nao mpaka alipokufa mwaka 1898. Baada ya kuibomoa ngome, Wajerumani walijenga mji wao penginepo, juu ya kilima, wakauita Iringa Mpya. Neno "Mpya" likapotea, likabaki Iringa peke yake. Angalieni basi jambo la ajabu: neno lenye maana ya ngome lilichukuliwa na wale wale walioivunja ngome, wakaupa mji wao. Mtoto asemaye leo, "Nakwenda Iringa," ataja boma la Mkwawa, huku miguu yake ikimpeleka kwenye boma la Mjerumani.

Wahehe nao hawakunyamaza, maana watu waliotawaliwa waliwapa watawala majina kama watawala walivyoipa nchi majina. Ofisa yule Zelewski alikwisha kuitwa Nyundo, kwa ukali wake. Mwaka 1891 Nyundo aliongoza jeshi kuingia Uhehe, na tarehe 17 Agosti akaviziwa Lugalo, akauawa pamoja na askari wake wengi. Leo ukimwuliza mtoto wa Dar es Salaam Lugalo ni nini, atakuambia ni kambi ya jeshi, au hospitali. Hakosi, maana viko kweli na vina jina hilo. Lakini Lugalo ya kwanza iko huku kwetu, katika vichaka vya Uhehe, na walioipa kambi jina hilo walitaka askari wa leo wakumbuke.

Ndani ya mji wa Iringa kuna majina mawili ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni Gangilonga, maana yake jiwe linalosema. Ni jabali kubwa juu ya mji, nao wazee husimulia kwamba Mkwawa alikwenda huko kuwaza na kutafuta shauri. La pili ni Kitanzini. Huhitaji kujua Kihehe kulifahamu jina hili. Ni Kiswahili kitupu, mahali penye kitanzi. Wazee husimulia kwamba ndipo Wajerumani walipowanyonga watu waliowapinga. Leo ni mtaa wa nyumba na maduka, watoto hutumwa huko kununua chumvi na sabuni, na jina hutajwa mara nyingi kila siku kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nimepata kusikia mtu akisema kwamba jina kama hilo ni baya, linatia huzuni, afadhali libadilishwe, mtaa uitwe jina la maua au la kiongozi. Nikamjibu, "La, bwana." Hao walionyongwa wengi wao hatuwajui majina. Hawakuandika barua, wala hawakupigwa picha. Waliowaona waliacha neno moja tu, nalo ni lile ambalo mwanamke akitumwa sokoni hulitamka. Tukiliondoa neno hilo, tumewaondoa na watu wale.

Mbeya ni mji mchanga kuliko Iringa. Ulikua katika miaka ya 1920 na 1930, wakati watu walipomiminika kutafuta dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Kwa hiyo majina ya mitaa yake ni ya jana, na mengi mtu aweza kuyasoma kama kitabu. Uzunguni na Uhindini yatuonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyowapanga watu kwa rangi zao, kila rangi na mtaa wake. Mipaka hiyo imekwisha, majina yamebaki. Soweto ni jina lililosafiri kutoka Afrika Kusini, na huko kwao nako si jina la kale: lilifanywa mwaka 1963 kwa kuunga vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Dunia nzima ililijua mwaka 1976, wanafunzi wa huko walipoandamana, wakapigwa risasi.

Lakini jina la Mbeya nilipendalo ni Mafiati. Mgeni hudhani ni neno la Kisafwa au la Kinyakyusa. Sivyo. Husemwa kwamba limetokana na malori ya Fiat. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na nchi ya Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ndipo mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya, na shaba ya Zambia ikarudi kwa njia ile ile. Barabara wakati ule ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa bwawa, kiangazi ilikuwa vumbi, na magari yalianguka kando kama ng'ombe wakati wa ukame. Wasemao Kiingereza waliipa njia hiyo jina lenye maana ya mbio za Jehanamu. Watu wa Mbeya hawakuona Jehanamu. Waliona malori, wakasema, "Mafiati." Na reli ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, wakubwa wa nchi waliiita Reli ya Uhuru. Basi nchi ile ile yapitiwa na Jehanamu, na Mafiati, na Uhuru; nami sioni jina hata moja kati ya hayo lililo la uongo. Mmoja alikuwa dereva mgeni aliyechoka, mwingine mwenye nyumba kando ya barabara, wa tatu alikuwa kiongozi akitazama mbali.

Juu ya Kitulo nitasema kidogo tu. Nyanda zile za juu, ambazo mvua ikinyesha hujaa maua ya kila rangi, Wazungu waliziita Elton, kwa jina la Mwingereza aliyepita huko mwaka 1877, akafa mwaka ule ule akiwa safarini. Wenyeji huziita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 zikawa hifadhi ya taifa, kwa jina la Kitulo. Elton alipita mara moja tu, na jina lake limepita vivyo hivyo.

Sasa nafika kwenye jambo gumu, maana si majina yote yatolewayo kwa mahali yafaa kuhifadhiwa, na sipendi mtu aseme kwamba nimewafundisha dhihaka. Watu wa Iringa huitwa wanyalukolo. Neno hili ni lao wenyewe; nyalukolo kwa Kihehe ni mtu wa ukoo mmoja nawe, ndugu. Wageni walisikia Wahehe wakiitana hivyo, wakalichukua. Mhehe akiitwa hivyo na mgeni hucheka, kwa kuwa ameitwa ndugu. Lakini liko na jina jingine, lihusulo nyama, ambalo sitaliandika hapa. Ninyi mwalijua, na aliyelitunga hakukaa Iringa hata siku mbili.

Mtu atasema, "Ni utani tu." Vema, basi tuuseme utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na baada ya vita wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua kuku wako, kulicheka hata jeneza la baba yako. Walakini ana na kazi. Msibani yeye huja, hufanya kazi ambazo wafiwa hawawezi kwa huzuni, na huwachekesha ili wasizidiwe. Hiyo ndiyo kodi anayolipa kwa maneno yake. Mtu anayetwaa maneno ya mtani asiitwae kazi yake amepata kitonga.

Nilipokuwa mwanafunzi katika shule moja ya bweni, mbali na nyanda hizi, alikuja mvulana kutoka vijiji vya Iringa. Siku ya kwanza alitusalimu, "Kamwene," kama walivyozoea kwao, nasi tukaangua kicheko. Toka siku ile tukakipa kijiji chake jina la dhihaka, hata kabla ya kujua kinaitwaje. Mwalimu alipouliza kila mtu atokako, yeye alijibu, "Dodoma." Hatukuona kwamba tumefanya neno lolote baya, tulikuwa tukicheka tu.

Miongoni mwetu alikuwako Mngoni mmoja wa Songea, naye ndiye aliyekuwa akimtania kuliko sisi sote. Alimnyang'anya viazi, alimwita mtumwa wake, alimwambia kwamba babu zake walikimbia mpaka wakasahau viatu. Yule mvulana alimjibu kila mara, tena kwa ukali, na wote wawili wakacheka. Nilishangaa kwamba maneno yale makali hayakumwumiza, na yetu madogo yalimwumiza.

Muhula wa tatu ikaja habari kwamba baba yake amefariki. Ilikuwa jioni, na lori la kuelekea Iringa lilikuwa tayari kuondoka. Mngoni yule hakuomba ruhusa kwa mtu. Aliingia bwenini, akakunja blanketi la mwenzake, akafunga sanduku lake kwa kamba, akalibeba kichwani mpaka barabarani, njia nzima akimwambia kwamba sasa Wahehe wamepungua, Wangoni wataichukua nchi. Na yule mvulana, machozi yakimtoka, alicheka. Sisi wengine tulisimama mlangoni. Hatukuwa na la kusema.

Dereva akauliza, "Huyu nimshushe wapi?" Mngoni akamgeukia mwenzake, akasema, "Mwambie." Naye akapaza sauti, akalitaja jina la kijiji chake, nami nikalisikia kwa mara ya kwanza, baada ya kukaa naye dawati moja karibu mwaka mzima.