Tangi la Samaki Lataka Mtunzaji Kwanza

Yako maneno mengi muhula huu juu ya tangi la samaki lililo katika maabara yetu ya biolojia. Wengine wasema inunuliwe hita mpya ya kupasha maji joto. Wengine wasema tangi liondolewe kabisa, na fedha zinunue vitabu. Mimi naona pande zote mbili zimeruka hatua moja: hakuna aliyeuliza hita tuliyo nayo inatunzwa na nani. Maoni yangu ni kwamba kisinunuliwe kitu mpaka tangi lipate watunzaji wenye zamu na daftari.

Asili ya samaki wale ni Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu hukaa karibu digrii 24 hadi 28 mwaka mzima. Sisi tuko nyanda za juu, na wote twaijua baridi ya usiku wa Juni na Julai. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la mwili wake ni lile la maji aliyomo. Maji yakipoa sana huacha kula, huzubaa, na magonjwa humwingia upesi. Basi hita kwake si anasa, ni kama blanketi kwetu.

Katika likizo ya Juni mwaka jana walikufa samaki sita. Ikasemwa kwamba hita imeharibika. Ilipotazamwa ilikuwa nzima kabisa. Mtu alikuwa amechomoa plagi ili achomeke birika la chai, wala hakuirudisha. Je, hita mpya ingaliwaokoa? Nayo ingalichomolewa vile vile.

Kwa hiyo yafaa tuchunguze kwa utaratibu kabla ya kuhukumu. Kwanza, tutazame kama umeme upo na plagi imechomekwa. Pili, tusome kipimajoto, nacho kiwekwe mbali na hita. Tatu, tutazame taa ya hita: ikiwaka kwa saa nyingi na maji yasipate joto, huenda waya wa ndani umekatika. Lakini tusiwe na haraka. Fizikia yatufundisha kuwa lita 1 ya maji hutaka jouli 4,200 ili ipande digrii 1. Tangi letu ni la lita 100 na hita ni ya wati 100. Basi kupanda digrii 1 huchukua dakika 70, tena kama hakuna joto linalopotea. Anayetazama baada ya dakika 10 na kusema hita ni mbovu, ameionea.

Uko ubaya wa kinyume pia. Ndani ya hita nyingi mna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa. Kikipata joto hujipinda na kukata umeme. Ncha zake zikiungua na kugandana, umeme haukatiki tena, na samaki hupikwa wangali hai. Hita ya namna hiyo, au yenye kioo kilichopasuka, isitumiwe tena.

Utunzaji wenyewe si kazi kubwa. Mtu asitie mkono majini kabla ya kuchomoa plagi. Akisha kuichomoa angoje dakika 30 ndipo aitoe hita, maana kioo chenye moto hupasuka. Chokaa nyeupe inayoganda juu yake isuguliwe kwa siki au maji ya ndimu. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Mwezi wa Oktoba na Novemba shida hugeuka, kwani jua hupiga dirishani. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo: kwa digrii 20, lita 1 hushika kama miligramu 9, kwa digrii 30, kama 7 na nusu. Ziko mashine za kupoza maji zifanyazo kazi kama friji, lakini bei yake si ya shule kama yetu. Bibi zetu walijua dawa. Mtungi hupoza maji kwa sababu yale yanayopenya nje na kukauka huondoka na joto. Feni ndogo ikipuliza juu ya tangi hufanya vivyo hivyo, mradi ifutwe vumbi na maji yanayopungua yarudishwe.

Wanaotaka tangi liondolewe nawaheshimu, maana vitabu kweli havitoshi. Lakini tangi hili lafundisha biolojia, fizikia na hesabu kwa pamoja. Wala samaki hawawezi kumwagwa mtoni tu. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na baadaye aina nyingi za samaki wenyeji zikapotea.

Basi naomba mambo manne: wanafunzi wawili wa zamu kila juma, daftari la kuandika joto asubuhi na jioni, kibao cha "Usichomoe" juu ya soketi, na mtu mmoja atakayetajwa kwa kila likizo. Wazazi walio mafundi wa umeme watusaidie kukagua waya mara moja kwa muhula. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo yakifanywa kwa muhula mmoja, na daftari likionyesha kwamba hita kweli ni mbovu, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba inunuliwe mpya.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu