Usimnyonge mbwa kwa kosa la kiroboto

MSOMAJI mpendwa, je, umewahi kufungua nyumba iliyokaa miezi bila mtu, ukapiga hatua tatu ndani, mara miguu ikaanza kukuwasha kana kwamba umekanyaga upupu? Ukiinama kutazama, waona vijidudu vyeusi, vyembamba kama mbegu ya wimbi, vikirukaruka kwenye soksi zako.

Hayo ndiyo yaliyoipata familia moja ya Nairobi iliyokwenda nyumbani Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, kwa sherehe za Krismasi. Nyumba yao ilikuwa imefungwa tangu Agosti. Kufikia siku ya pili, watoto wote watatu walikuwa na vipele kuanzia kwenye vifundo vya miguu hadi magotini, na yule mdogo alikuwa amejikuna hadi ngozi ikachubuka ikawa kidonda.

Wakubwa wakaketi kikao. Mshtakiwa alikuwa mbwa mzee wa boma, na hukumu haikuchukua muda: anyongwe jioni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa mgeni tu pale, lakini nilithubutu kuuliza, "Mzee, huyu mbwa aliingia lini katika nyumba hii?"

"Hajaingia," baba watoto akajibu. "Ufunguo tulikuwa nao sisi Nairobi."

Kimya kikatanda. Kisha nyanya yao akasema polepole, "Lakini yule paka alizalia chini ya kile kitanda mwezi wa nane. Alipitia kwenye kioo kilichovunjika."

Msomaji, hapo ndipo penye siri ya kiroboto. Watu wengi hudhani viroboto huishi kwenye mnyama tu, kwa hivyo mnyama akiondoka nao wameondoka. Sivyo. Wataalamu hukadiria kwamba katika nyumba iliyovamiwa, wale unaowaona kwenye manyoya ni kama asilimia 5 tu. Asilimia 95 wako sakafuni, kwenye nyufa, chini ya godoro na mahali mnyama anapolala, wakiwa mayai, mabuu au waliojifunga kwenye vifuko vyao.

Kiroboto jike huweza kutaga mayai 40 hivi kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Hudondoka kila mnyama anapojikuna au kujitikisa. Yakianguliwa, hutoka mabuu mfano wa vinyoya vidogo vyeupe, ambao hukimbia mwanga na kujificha vumbini, chakula chao kikiwa hasa mavi ya viroboto wakubwa, yaliyojaa damu kavu. Baadaye buu hujisokotea kifuko na kugeuka humo kiroboto kamili. Penye joto na unyevu, safari hii yote huchukua wiki tatu au nne.

Lakini kiroboto akiwa ndani ya kifuko si lazima atoke mara moja. Aweza kungoja kwa miezi, hadi ahisi mtikiso wa nyayo, joto la mwili na pumzi ya kiumbe. Ndiyo maana mlango ulipofunguliwa Desemba, waliokuwa wakingoja tangu paka alipohama waliruka kwa pamoja. Basi kumnyonga mbwa kungefaa nini? Isitoshe, viroboto wanaokosa mnyama wa kunyonya humgeukia binadamu.

Usilichukulie jambo hili kuwa la kuwashwa tu. Kiroboto hubeba tegu wa mbwa na paka, na mtoto anayecheza na mbwa aweza kummeza kiroboto bila kujua, akaupata mnyoo huo. Viroboto wa panya nao ndio hueneza tauni. Ugonjwa huo ulipozuka Nairobi mwaka wa 1902, wakuu wa serikali ya kikoloni waliuteketeza mtaa wa maduka ya Wahindi kwa moto. Katika milima ya Lushoto, Tanzania, tauni iliwahangaisha wakazi kwa miaka mingi tangu 1980. Hata funza anayeingia kwenye vidole vya miguu ni jamii ya kiroboto, naye hustawi vivyo hivyo kwenye sakafu ya vumbi.

Sasa tufanye nini? Kwanza, hakikisha ni viroboto. Mchane mnyama juu ya karatasi nyeupe kwa kichana chenye meno yaliyobanana. Ukiona chembe nyeusi, zidondoshee maji. Zikiacha doa jekundu la kahawia, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, ushahidi umepata.

Pili, washughulikie wanyama wote siku moja. Mbwa muogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, ukianzia shingoni, maana akilowa mgongo kwanza viroboto hukimbilia kichwani na masikioni. Liache povu kwa dakika tano, kisha suuza na umchane, ukikitumbukiza kichana kwenye maji ya sabuni kila mara. Dawa ya kudumu mwulize daktari wa mifugo, ukimweleza umri na uzito wa mnyama.

Hapa nakuonya, msomaji. Usimpake paka dawa ya mbwa. Nyingi zina permethrini, ambayo mbwa huistahimili lakini humtetemesha paka na hata kumuua. Usitumie dawa ya kunyunyizia kahawa au mboga, wala usimpake mnyama mafuta ya taa. Huunguza ngozi, naye akijilamba huyameza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, isafishe nyumba. Shuka, mablanketi na matandiko ya mnyama yafue kwa maji ya moto sana, kisha uyaanike juani. Fagia kila siku chini ya vitanda, nyuma ya makochi na kwenye pembe, na taka hizo uzichome, usizirundike kando ya mlango. Sakafu ya udongo ikandike upya uzibe nyufa, kisha uache milango na madirisha wazi ikauke vizuri, kwa sababu mayai na mabuu hufa penye ukavu. Katika milima ya Kisii, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, jua likijitokeza usilipoteze.

Ukiamua kupuliza dawa, nunua iliyoandikwa kwamba ni ya viroboto vya nyumbani na ufuate maagizo yake. Toa watoto, wanyama, vyombo na chakula, na msirudi mpaka ikauke. Kabla ya kupuliza, fagia kwa nguvu na kukanyagakanyaga sakafu ili waliomo vifukoni waamke, kwani dawa haiwafikii humo. Rudia baada ya wiki mbili au kama kibandiko kinavyoagiza. Usikate tamaa ukiwaona wengine wakiruka baada ya wiki. Hao ni waliochelewa kuamka. Vita hivi huchukua miezi miwili au mitatu.

Mtoto aliyeumwa muoshe kwa sabuni, umpake kalamini na kumkata kucha. Kidonda kikitunga usaha au mtoto akipata homa, mpeleke zahanati.

Kule Kiogoro hukumu iliahirishwa. Alasiri hiyo magodoro yalitolewa uani, maji yakachemshwa kwenye sufuria ya sherehe, na kioo kilichovunjika kikazibwa kwa ubao. Watoto wenyewe ndio waliomuogesha mbwa, naye alitulia tuli kama anayejua ameponea chupuchupu. Walimtoa viroboto wachache tu. Paka alisakwa jikoni kwa nyanya na kuchanwa. Huko ndiko walikopatikana wengi.

Nilipopita tena wakati wa Pasaka, nilimkuta mbwa yule amelala barazani. Aliponisikia alibweka mara mbili, na mzee wa boma akatoka kuona ni nani aliyebisha. "Karibu," akasema. "Huyu askari wako bado yuko kazini."

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.